Radi Huzaliwa na Barafu

Na Mwandishi Wetu

Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi jijini Nairobi, na wakazi wa Majengo hawahitaji redio kuwaambia hivyo. Asubuhi jua huwa kali. Kufikia saa saba mchana hewa imekuwa nzito, wauza mitumba wa Gikomba wameanza kutazama juu, na wingu lililokuwa jeupe kama pamba limekuwa jeusi upande wa chini. Mnamo saa tisa upepo wa baridi huvuma ghafla. Watu hukimbilia maturubai kufunika bidhaa zao, akina mama huanua nguo kambani, kisha mabati huanza kulia.

Siku nyingine mabati hulia kwa matone. Siku nyingine kishindo huwa kikubwa hata watu wawili walioketi mkeka mmoja hawasikilizani, na watoto hutoka mbio mvua ikipungua kuokota mawe meupe na kuyatia kinywani kabla hayajayeyuka. Hiyo ndiyo mvua ya mawe. Wengi wetu huiona kama kioja tu, jambo la kupita. Lakini msomaji, barafu ile ndiyo inayotupa jibu la swali ambalo wataalamu walihangaika nalo kwa zaidi ya miaka 200: wingu ni maji na hewa tu, sasa umeme wa kuua mtu huutoa wapi?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Umeme ni ule mwanga. Ngurumo ni ule mlio. Radi ni lile pigo lenyewe, ingawa katika mazungumzo ya kawaida wengi hulitumia neno hilo kwa yote matatu. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na wasomaji Waislamu watakumbuka kwamba sura ya 13 ya Kurani huitwa Ar-Raad. Umeme wa kupita kwenye waya ulipofika katika nchi zetu, Waswahili waliuona kuwa ni ndugu wa ule wa mbinguni wakaupa jina lile lile. Ni sisi wa Kenya tulioamua kuuita ule wa nyumbani stima.

SWETA YA GIKOMBA

Undugu huo unaweza kuuona chumbani mwako. Nunua sweta ya mtumba ya nailoni. Ngoja usiku wa Januari au Februari, hewa ikiwa kavu, uzime taa kisha uivue kwa haraka. Utasikia sauti ya kukwaruza na kuona cheche ndogo ndogo gizani. Nywele za mkono nazo zitasimama.

Kilichotokea ni hiki. Kila kitu duniani kimeundwa kwa atomu, na kila atomu ina chaji za aina mbili. Chaji hasi hubebwa na elektroni, nazo chaji chanya zimo katika kiini. Kwa kawaida chaji hizo hulingana, kwa hiyo kitu hakionyeshi dalili yoyote ya umeme. Sweta inapokwaruzana na shati, baadhi ya elektroni huhama kutoka nguo moja hadi nyingine. Nguo moja hubaki na hasi nyingi, ya pili hubaki na upungufu, na upungufu huo ndio tunaouita chanya. Ukizitenganisha nguo hizo, chaji hutaka kurudiana. Zikifaulu kuruka hewani, hapo ndipo cheche inapoonekana.

Radi basi inahitaji mambo mawili. Lazima pawepo kitu cha kuhamisha chaji, na lazima chaji zikishahama zitenganishwe mbali sana, kwa kilomita kadhaa. Hili la pili si gumu kulieleza, kwa maana wingu la mvua ya radi lina upepo mkali unaopanda na vitu vizito vinavyoshuka. Lile la kwanza ndilo lililowatoa watu jasho, kwa sababu ndani ya wingu hakuna sweta wala shati.

Kwamba radi ni umeme lilithibitishwa mapema. Mwaka 1752 wataalamu wa Ufaransa, wakifuata wazo la Mmarekani Benjamin Franklin, walisimamisha chuma kirefu katika kijiji cha Marly-la-Ville karibu na Paris, na wingu lilipopita juu yake wakapata cheche. Mwaka uliofuata Georg Richmann alikufa mjini St Petersburg, Urusi, akifanya majaribio ya namna hiyo nyumbani kwake. Franklin mwenyewe alipima mawingu akaona kwamba mara nyingi upande wa chini huwa na chaji hasi. Kwa nini iwe hasi? Hakujua, na waliomfuata hawakujua pia kwa muda mrefu sana.

KILOMITA TATU JUU YA MABATI

Sasa tupande juu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa, kwa wastani nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000. Idara ya hali ya hewa hurusha maputo yenye vipimo kutoka Dagoretti Corner, na vipimo vya namna hiyo huonyesha kwamba katika sehemu zetu za ikweta hewa hufikia kiwango cha maji kuganda kwenye mita 4,800 au 5,000 hivi. Hiyo haiko mbali na kimo cha vilele vya Mlima Kenya, na ndiyo sababu mlima huo umekuwa na barafu ingawa uko karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Kwa maneno mengine, ukisimama Majengo siku yoyote ya mwaka, hata jua likiwa linachoma, barafu inaweza kuundwa kilomita tatu na kitu juu ya kichwa chako. Huo ni mwendo ambao watu wengi wa mtaa huu huutembea kwa miguu wakienda kazini Industrial Area. Tofauti ni kwamba huu ni wa kwenda juu.

Wingu la mvua ya radi halikomei hapo. Hewa yenye joto na unyevu ikishaanza kupanda, huendelea kupanda hadi kilomita 12, pengine 15 au zaidi, juu kuliko ndege nyingi za abiria zinavyoruka. Kule kileleni baridi huwa kali kuliko friji yoyote, nyuzi 60 chini ya sufuri na zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya lile wingu jeusi linalotumwagia maji ni kiwanda cha barafu.

Ndani ya kiwanda hicho mna vitu vitatu, na msomaji avishike vizuri kwa kuwa kila kitu kinategemea hivyo. Kuna chembe za barafu, nyembamba na nyepesi, zinazopeperushwa kama vumbi. Kuna punje za barafu, nyeupe na laini, kubwa kiasi cha ndengu, ambazo ndizo mwanzo wa mawe ya mvua. Na kuna matone madogo sana ya maji ambayo yamepoa chini ya sufuri lakini hayajaganda. Hili la tatu huwashangaza wengi. Tulifundishwa kwamba maji huganda kwenye sufuri, basi. Lakini tone dogo sana na safi, lisilo na kitu cha kulianzisha kuganda, linaweza kubaki maji hata likiwa nyuzi 20 au 30 chini ya sufuri. Likigusa barafu tu, huganda papo hapo. Hivyo ndivyo punje zinavyonenepa: zinashuka zikiokota matone njiani.

Punje ni nzito, hivyo hushuka au huning'inia mahali pamoja, upepo ukizisukuma juu na uzito ukizivuta chini. Chembe ni nyepesi, hivyo upepo hupanda nazo. Zinapishana kwa kasi, na kama abiria wa Machakos Country Bus mwezi wa Desemba, zinagongana. Katika kila mgongano, kiasi kidogo mno cha chaji huhama. Mara nyingi punje huondoka na hasi, chembe huondoka na chanya. Mgongano mmoja hauna maana yoyote. Mabilioni yake, kwa muda wa nusu saa, ni jambo lingine.

Upepo sasa hufanya kazi yake. Chembe zenye chanya hupelekwa juu hadi kileleni. Punje zenye hasi hubaki katikati, mahali ambapo hewa ina baridi ya kati ya nyuzi 10 na 25 hivi chini ya sufuri. Hapo ni kilomita 6 na nusu hadi 8 na nusu hivi juu ya usawa wa bahari, yaani juu zaidi ya kilele cha Kilimanjaro. Wingu limekuwa betri kubwa, na mvutano kati ya ncha zake unaweza kufika volti milioni 100 au zaidi. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240.

WAZEE WAWILI WALIOBISHANA

Haya yote yanasikika rahisi leo. Hayakuwa rahisi. Katika miaka ya 1920 wanasayansi wawili wa Uingereza walibishana vikali, na hakuna aliyekuwa mjinga. Mmoja alikuwa C.T.R. Wilson, Mskoti mpole aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1927 kwa chombo chake cha kuonyesha njia za chembechembe za atomu. Wilson alipima umeme akiwa ardhini, mawingu yakipita kwa mbali, akasema: juu ni chanya, chini ni hasi.

Wa pili alikuwa George Simpson, aliyewahi kwenda Antaktika na msafara wa Kapteni Scott na baadaye akawa mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Simpson alikuwa amefanya kazi India, ambako alipima matone ya mvua ya radi yakifika chini, akakuta mengi yana chaji chanya. Naye akasema: chini ni chanya. Kwa maoni yake matone makubwa ya maji yalipasuka hewani na kwa kupasuka yakajitia umeme. Barafu hakuihitaji sana.

Mtu mmoja wa Afrika akaingia katikati. Basil Schonland, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyesomea Cambridge, alirudi kwao akapima mawingu ya huko katika miaka hiyo hiyo ya 1920, na vipimo vyake vikamuunga mkono Wilson. Huyu Schonland ndiye baadaye, katika miaka ya 1930, aliyetumia kamera maalumu kupiga picha za radi karibu na Johannesburg na kuonyesha jinsi inavyoshuka kwa hatua. Tutamrudia hivi punde.

Kwa heshima ya Simpson ni lazima isemwe kwamba hakukaa ofisini kutetea maneno yake. Yeye na mwenzake Scrase walirusha maputo ndani ya mawingu ya radi kutoka Kew, nje kidogo ya London, yakiwa yamebeba karatasi iliyotiwa dawa, ambayo ilibadilika rangi kulingana na aina ya chaji. Mwaka 1937 walichapisha walichokiona: chanya juu, hasi katikati, na mara nyingi kijisehemu kidogo cha chanya tena chini kabisa. Wilson alikuwa amelipima wingu kwa mbali akaona tabaka mbili kubwa. Simpson alikuwa amesimama chini yake na kupokea matone ya lile tabaka dogo. Baada ya miaka karibu 20 ya ubishi, kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli.

Na lile tabaka dogo la chini linatoka wapi? Jibu liligunduliwa ndani ya vyumba vya majaribio. Mwaka 1957 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba barafu ikigongana na barafu mbele ya matone yasiyoganda, chaji huhama kwa wingi. Kisha mwaka 1978 Mjapani Tsutomu Takahashi akatoa matokeo ya majaribio marefu: katika baridi kali punje hupata hasi, lakini joto likipanda na kukaribia nyuzi 10 chini ya sufuri, mambo hugeuka, na punje zile zile huanza kupata chanya. Kwa hiyo punje zinaposhuka sehemu za chini za wingu zinabadilika. Tabaka tatu za Simpson zikapata maelezo.

Linabaki swali moja ambalo mwanafunzi mwerevu amekwisha kuliuliza. Sweta na shati ni vitu viwili tofauti. Barafu na barafu ni kitu kimoja, je, kwa nini moja impe mwenzake chaji? Maelezo yanayokubaliwa na wengi yalitolewa mwaka 1987: barafu inayokua haraka zaidi kwa kunyonya mvuke wa hewani ndiyo huondoka na chanya. Uso wa barafu si mgumu kama ukuta. Una utando mwembamba mno unaofanana na maji, na inaaminika kwamba katika mgongano sehemu ya utando huo huvuka upande wa pili pamoja na chaji yake. Jinsi hasa inavyotendeka katika sehemu ya elfu ya sekunde bado inajadiliwa. Binafsi napenda kwamba jambo linalotikisa madirisha yetu kila Aprili bado lina kona yenye giza.

WALIO MAGHARIBI WANAIJUA ZAIDI

Kama barafu ndiyo mama wa radi, basi mvua isiyo na barafu haina radi. Wenye asili ya Mwambao watakubali. Mvua nyingi za masika huko Mombasa hutoka katika mawingu mafupi yanayoletwa na upepo wa bahari. Hayafiki juu sana, matone hukua kwa kuungana tu, na mvua hunyesha kutwa nzima bila ngurumo moja. Satelaiti zimeonyesha jambo hilo hilo duniani kote: nchi kavu hupata radi takriban mara kumi zaidi ya bahari, kwa kuwa jua huchoma ardhi, hewa hupanda kwa nguvu, na barafu hupatikana kwa wingi.

Nairobi iko katikati. Tuna radi, lakini hatuna nyingi. Familia za Eastlands zinazofunga safari kila likizo kwenda Kakamega, Kisii, Bungoma au Siaya ndizo zinazoijua vizuri. Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu 69,000, ndilo chanzo. Mchana ardhi huwa na joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, hukutana na milima ya upande wetu na kupanda. Ndipo alasiri ya Kisii na Kakamega inapokuwa kama ilivyo. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hurudi ziwani kutoka pande zote, hukutana katikati, na radi huwaangukia wavuvi.

Kericho, katika ukanda huo huo, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na majani ya chai huumia sana. Katika miaka ya 1960 ilijaribiwa huko hata kurusha roketi zenye baruti mawinguni ili kuyavunja mawe. Na mnamo Septemba 2008 watu wa Busara, karibu na Nyahururu, waliamka wakaona kilima kizima kimekuwa cheupe. Wengi waliamini ni theluji, lakini wataalamu walieleza kwamba yalikuwa mawe ya mvua yaliyoshikamana.

Hata hivyo bingwa wa Afrika hayuko Kenya. Setilaiti moja ya Marekani na Japani iliyorushwa mwaka 1997 ilihesabu miale ya radi duniani kwa miaka mingi, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yaliweka Kabare, mashariki mwa Kongo karibu na Bukavu, katika nafasi ya kwanza barani: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Duniani ilipitwa tu na Ziwa Maracaibo la Venezuela.

PIGO LENYEWE

Wingu likishajaa chaji, hewa haiwezi kuzizuia milele. Chaji hasi huanza kushuka kwa hatua za mita 50 hivi, zikipinda huku na kule na kuchipua matawi, kama Schonland alivyoziona kwenye picha zake. Ardhi iliyo chini hujibu kwa chanya, na kutoka kwenye vitu virefu, mti, mlingoti, nguzo, mtu aliye uwanjani, cheche huchomoza kwenda juu. Zikikutana, njia imefunguka. Mkondo wa ampea 30,000 hivi hupita, na hewa iliyo njiani hufikia joto takriban mara tano ya lile la uso wa jua. Hupanuka kwa mlipuko. Mlipuko huo ndio ngurumo.

Mwanga hufika papo hapo. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kwa kila kilomita. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuhesabu: ukiona mwanga na kufika tisa kabla ya ngurumo, radi imepiga kilomita tatu kutoka ulipo. Isipofika 30, ingia ndani, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Wanafunzi huuliza pia kama nguvu hiyo haiwezi kuvunwa. Pigo moja lina nguvu zinazokaribia yuniti 280 za stima, lakini nyingi huishia kuchemsha hewa na kutoa kelele, na hakuna ajuaye litapiga wapi. Jua la Garissa lina faida zaidi.

YANAYOSEMWA, NA YANAYOUA

Katika nyumba nyingi mawingu yakitanda nyanya huwaambia wajukuu wafunike kioo, na aliyevaa nguo nyekundu aivue. Radi haina macho ya kuona rangi, wala kioo hakiiiti. Mila hizo hazina madhara, na kama zinawatuliza watoto, sina ugomvi nazo. Viatu vya mpira navyo havisaidii. Chaji iliyovuka kilomita kadhaa za hewa haitashindwa na soli ya unene wa kidole.

Ubaya huanza mahali pengine. Radi ikiua mtu, hasa ikimwacha jirani yake mzima, wapo wanaotafuta aliyeituma, na wazee wasio na hatia wamewahi kushambuliwa kwa shutuma za uchawi. Anayejua kwamba ile chaji ilitengenezwa na barafu juu ya Kilimanjaro, na kwamba ilishuka kwa kupapasa, hawezi kuamini kwa urahisi kwamba kuna mtu aliyeielekeza dirisha fulani.

Tarehe 28 Juni 2011 radi iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, Uganda. Machi 2018 watu 16 walikufa kanisani wilayani Nyaruguru, Rwanda. Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek kaskazini mwa Uganda, watu 14 walikufa wakiwa wamekusanyika kwa maombi. Katika visa hivyo vyote watu walikuwa na paa juu yao.

Jambo hilo linatuhusu. Nyumba za zamani za Majengo, mtaa ulioanzishwa mapema katika miaka ya 1920, zilijengwa kwa miti na udongo na kuezekwa mabati au madebe yaliyopasuliwa, na madarasa mengi ya mashambani yanafanana nazo. Watu hudhani bati huvuta radi. Bati halivuti, tatizo ni kwamba haliwezi kuipeleka popote. Chaji ikilifika hutafuta njia ya kuingia ardhini, na mahali pasipo na waya wala bomba, njia inaweza kuwa nguzo iliyolowa au mtoto aliyeegemea ukuta. Kingaradi hufanya kazi hiyo ya kuonyesha njia: chuma juu ya paa, waya mnene hadi chini, na vyuma vilivyozikwa vizuri. Baada ya msiba wa Runyanya, shirika la ACLENet la Kampala lilianza kuziwekea shule vifaa hivyo, Runyanya ikiwa miongoni mwa za kwanza.

Mjini tuna nafuu, kwa kuwa maghorofa na nguzo za stima hupokea mapigo mengi. Jengo la mawe lenye waya na mabomba ukutani ni kimbilio zuri. Matatu ya bodi ya chuma iliyofungwa madirisha ni zuri pia, kwa kuwa mkondo huzunguka nje kupitia chuma. Mti ni mbaya kuliko vyote, na uwanja wa mpira unafuata. Simu ya mkononi haivuti radi, ila usiishike ikiwa imechomekwa kwenye chaja.

Na ikitokea mtu amepigwa, wapo watakaopiga kelele kwamba asiguswe, eti bado ana umeme, au apakwe matope kwanza. Hana umeme wowote. Chaji ilikwisha kuingia ardhini kabla ngurumo haijasikika. Mara nyingi kinachomuua ni moyo na pumzi kusimama, na wengi wanaweza kurudi wakihudumiwa upesi. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu na haraka, karibu mara mbili kwa sekunde, na usiache mpaka msaada ufike.